Hodi ya Tatu

Nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba mama yangu hajafa. Ana miaka sabini na kitu, anaishi nami hapa Turbo, na juzi tu alinigombeza kwa kununua sukuma wiki iliyokwisha kukatwa, kwamba mwanamke mwenye kisu na mikono miwili hana sababu ya kununua uvivu. Anakunywa chai mara nne kwa siku. Magoti humsumbua wakati wa mvua. Kanisani huketi mstari wa mbele na huwageukia wanaoimba ovyo. Nayasema haya kwa sababu kuna bustani moja ya mapumziko, si mbali na mji wa Eldoret, ambako watu hukata tiketi langoni, wakapelekwa kando ya bwawa, wakaonyeshwa mahali mama yangu anapotokea akiwa mzimu.

Wanamwita Mama Hodi.

Bustani yenyewe ni nzuri, siwezi kuisingizia. Kuna bwawa lenye bata, mikaratusi mirefu, uwanja wa nyasi ambapo maharusi huja kupigwa picha, banda la nyama choma ambalo moshi wake hukupokea kabla hujashuka garini, na farasi wawili wachovu wa kubeba watoto. Halafu kuna kijia cha mawe kinachoingia kwenye miti, na mwisho wake kuna ubao. Hapo kiongozi wa wageni, mtu mzima mwenye kofia ya ukingo mpana na sauti ya mhubiri, huwasimamisha watu na kuwaambia wazime simu. Kisha anaanza. Zamani za Mzungu palikuwa na mwanamke kibarua aliyezaa mtoto asiyemtaka. Akamzamisha bwawani, na mwili haukupatikana. Tangu siku hiyo mwanamke huyo huja na ukungu wa asubuhi, amevaa nguo nyeupe, akibisha hodi mara mbili mahali pasipo na mlango. Ukimsikia, nyamaza. Atakayemjibu "karibu" hamalizi mwaka.

Sasa nisikilizeni mimi, kwa sababu mimi ni mtoto wa huyo mzimu.

Nguo nyeupe lilikuwa koti la maziwa. Bustani hiyo zamani ilikuwa kipande cha shamba kubwa la ng'ombe, na mama alikuwa mkamuaji, na wakamuaji wote walipewa makoti meupe ya kitambaa kigumu, yenye mifuko miwili chini. Baba alitoka Magharibi kuja kufyeka na kupanda, wakapewa nyumba ya udongo mstari mmoja na vibarua wengine, juu kidogo ya bwawa. Hapo ndipo walipompata kifungua mimba wao, msichana, ambaye mimi sikumwona kwa sababu nilizaliwa miaka mingi baadaye.

Na mtoto huyo alitakiwa. Alitakiwa mpaka mama alimshonea shuka kutokana na mifuko ya unga, akaitoa maandishi kwa kuisugua na majivu wiki nzima. Alipofika miezi minane akashikwa na kifua. Mama alikwenda kwa karani wa shamba kuomba trekta liwapeleke hospitali ya misheni kule Plateau. Karani akasema trekta haliwezi kuwashwa kwa sababu ya mtoto wa kibarua. Hiyo ni sentensi ambayo mama huisema mpaka leo kwa sauti ya karani mwenyewe, na anaiigiza vizuri. Basi akamfunga mtoto mgongoni, akajifunika gunia juu ya kichwa maana mvua ilikuwa inanyesha, akatembea. Katikati ya njia akahisi mgongo umepoa. Akageuka akarudi, maana hospitali haikuwa na kazi tena.

Walimzika nyuma ya nyumba. Baba akapanda lusiola upande wa kichwa, ule mti wa maua ya njano, ili mahali pasipotee. Miaka ilipita, shamba likauzwa vipande vipande, vibarua wakaambiwa waondoke, na nyumba zikaangushwa kwa siku moja. Sehemu yenye bwawa na miti ikanunuliwa na watu waliotaka kutengeneza bustani. Wazazi wangu wakapanga chumba ng'ambo ya barabara, mama akawa anachukua maziwa kwa wafugaji na kuyauza, akiwa na koti lake lile lile kwa sababu lilikuwa bado zima. Na kila asubuhi kabla ya kuanza kazi alipitia tundu la ua wa michongoma kwenda kumwona mtoto wake.

Nilipofika miaka sita alianza kunichukua. Nakumbuka nyasi zilizoniloanisha mpaka kiunoni, na ukungu wa kule ambao ukinyoosha mkono huoni kidole. Alikuwa akisimama mahali fulani, anaweka debe chini, anasema, "Hodi." Ananyamaza kidogo. "Hodi." Ananyamaza tena. Kisha anapiga hatua moja kubwa, ya mtu anayevuka kizingiti, na tunaenda nyuma penye mti.

Siku moja nikamwuliza mbona anabisha na nyumba hakuna.

"Nyumba ilikuwa hapa. Mlango ni hapa nimesimama. Huwezi ingia kwa mtu bila hodi, hata kama ni mtoto."

"Na mbona unabisha mara mbili?"

"Hodi ni tatu," akasema. "Ukibisha mbili unangoja. Ukibisha ya tatu na hakuna mtu amejibu, unaenda zako, hurudi kusumbua watu. Sasa mimi siendi zangu."

Ndivyo alivyokuwa anafanya. Alibaki kwenye hodi ya pili miaka yote hiyo.

Walinzi wa kwanza wa bustani walitoka mbali na hawakumjua mtu yeyote pale. Asubuhi moja walimwona kwenye ukungu na koti lake, wakamsikia akibisha. Wanaume wawili, kila mmoja na rungu lake na koti refu la mvua, wakamkimbia mwanamke mwenye debe la maziwa. Wangeuliza tu! Neno moja, "Mama, unaenda wapi?" lingetosha. Lakini mtu aliyekimbia hawezi kurudi kwa wenzake aseme amekimbia muuza maziwa, kwa hiyo walirudi na mzimu. Baba alicheka sana aliposikia. Mama alisema wajinga hawaishi. Tukahamia Turbo nilipokuwa darasa la sita, ua ukaongezwa seng'enge, magoti ya mama yakaanza kuleta shida, na safari zile zikakoma. Nilidhani hadithi nayo imekufa.

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wangu matembezini. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa, na wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wameniandikia insha kavu muhula mzima, nikasema wacha waone kitu wapate la kuandika. Nikachagua bustani ile kwa hiari yangu. Nilitaka kuuona ule mti. Tukafuata kijia cha mawe, kiongozi akatuambia tuzime simu, akaanza. Niliposikia neno kuzamisha, damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilifungua mdomo nimkatize mbele ya watoto wote arobaini, ndipo macho yangu yakatua kwenye ubao.

Ubao ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe: "Huku machozi yakimbubujika njia mbili mbili, alimkabidhi mwanawe kwa maji, na maji hayakurudisha amana. Mwili haukupatikana hadi wa leo."

Nikafunga mdomo.

Machozi kububujika njia mbili mbili ni mali ya kila mwanafunzi wa Kenya. Tuliyakariri sote, pamoja na jua la mtikati na nyuni waliotumbuiza. Lakini yale maneno "maji hayakurudisha amana" ni yangu. Niliyaandika mimi, darasa la saba, kwa kalamu ya wino wa bluu, katika insha niliyopata thelathini na sita kwa arobaini.

Sitajitetea, ila nitaeleza. Mwalimu wetu alikuwa na ugonjwa wa tamati. Insha isiyo na tamati ya kusisimua aliirudisha imechorwa mstari mwekundu kutoka juu hadi chini. Nilianza kuandika habari ya mama na koti lake na hodi zake, na nilipofika kwenye kifo cha mtoto nikaona hakuna kitu. Nimonia haisisimui. Mtoto wa kibarua kufia mgongoni kwa mamake njiani kwenda hospitali ni jambo ambalo kila mtu darasani alikuwa na shangazi aliyepatwa nalo. Nikatazama nje dirishani, nikakumbuka kulikuwa na bwawa. Nikamzamisha. Kisha, kwa sababu kalamu ilikuwa imepata moto, nikaongeza kwamba mwili haukupatikana hadi wa leo, na kwamba atakayemjibu "karibu" hamalizi mwaka. Mwalimu aliisoma mbele ya shule nzima. Akaipigisha chapa, ikasambazwa katika shule jirani iwe mfano kwa watahiniwa. Nilitembea mabega juu muhula mzima, na nyumbani sikusema neno.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ningependa kuwaonyesha wahenga hao ubao ule. Uongo wangu ulitoka Turbo kwa miguu yake, ukaenda shule hadi shule, ukapanda mabasi ya matembezi, ukafika kando ya bwawa na ukapakwa rangi.

Wanafunzi walipokwenda kula nilikwenda ofisini kwa meneja. Alikuwa mpole mno, na upole wake ndio ulionichemsha zaidi. Aliniletea soda na kiti. Nikamwambia hadithi ile ni ya uongo, mwanamke yule yuko hai na mtoto wake amezikwa pale juu. Akatabasamu.

"Mwalimu, lisemwalo lipo."

"Halipo," nikasema. "Nakwambia mimi halipo."

"Sawa, lakini people love it. Hata saa hii tunataka kumjenga. Sanamu ya simiti, mrefu hivi, amebeba mtoto ako wet. Fundi ashaweka vigingi."

Nikauliza anaiweka wapi. Akanionyesha kupitia dirishani, juu kidogo ya bwawa, penye mti mmoja wenye maua ya njano.

"Hapo ni kaburi," nikasema. "Hapo hamchimbi."

"Hapana, mwalimu. Kaburi haiwezi kuwa hapo. Mwili haukupatikana." Alisema kwa subira, kama anayemweleza mtoto. "Iko kwa ubao."

Ilibidi nimwambie. Niliona ndiyo njia pekee iliyobaki, na nikadhani kusema ukweli kungenigharimu lakini kungemwokoa dada yangu. Nikamwambia ubao ule ni insha yangu, niliitunga nikiwa na miaka kumi na mitatu, na sentensi ya mwili kutopatikana niliiongeza ili nipate alama.

Meneja alisimama akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kumbe ni wewe! Wewe ndio author! Si tukuwekee jina yako hapo chini?"

Nimewahi kutukanwa na madereva, na wazazi, na afisa mmoja wa elimu ambaye sitamsema. Hakuna aliyenikasirisha kama mtu huyo aliyenisifu. Nilitoka bila kumalizia soda.

Siku tatu sikumwambia mama. Siku ya nne nilimkuta jikoni akichambua maharagwe, nikaanzia upande rahisi. Nikamwambia kule bustanini wamemfanya mzimu. Alicheka mpaka akashika meza.

"Wanalipa kuniona? Na mimi niko hapa bure!"

Nikamwambia na sanamu. Hapo akaacha kucheka, akauliza wanachimba wapi, nikamwambia. Akauliza kwani hawajui kuna mtu pale. Ndipo nikalazimika kusema wanavyosema, kwamba mtoto alizamishwa na mwili haukuonekana.

Mama alirudisha maharagwe yote kwenye sinia, mabovu na mazima pamoja.

"Nani amesema mimi nilimwua?"

"Watu," nikajibu.

Mchuma janga hula na wa kwao. Methali hiyo nimeifundisha darasani sijui mara ngapi, nikitoa mifano ya wezi na walevi.

Jumamosi yake tulikodi teksi ya jirani. Mama alivaa gauni la kanisani na kitambaa kipya, mkono mmoja ameshika fimbo yake, na mwingine chupa ndogo ya maziwa ya kumpelekea mtoto wake. Tulipokuwa tunapita katikati ya mji wa Eldoret, foleni imetusimamisha, nilimwambia. Nilisema ni mimi. Nikaeleza insha, mwalimu, alama, kila kitu, nikizungumza na kichwa cha dereva kwa sababu sikuweza kumtazama yeye. Dereva alipandisha sauti ya redio kwa heshima. Nilipomaliza mama aligeukia dirishani. Hakusema kitu mpaka bustanini, hakusema nilipokata tiketi mbili, hakusema nilipomshika kiwiko kwenye kijia cha mawe, ila alikitoa kiwiko chake taratibu.

Niseme kabisa sasa ili msomaji asikae akingoja. Sanamu haijajengwa mpaka leo ninapoandika. Kila nikienda kuuliza, meneja hutaka kunizuia langoni, kisha hupiga simu mahali, kisha husema wanaangalia. Ubao bado upo. Nimeandika barua tatu, za heshima, zisizo na machozi yanayobubujika, na nitaandika ya nne. Kwa hiyo sisimulii hapa ushindi wowote. Nasimulia tu kilichotokea Jumamosi ile.

Tulimkuta kiongozi ameshaanza, na kundi la watu kama ishirini, familia zenye watoto, vijana kutoka chuoni, wazee wawili wa Moiben waliokuja na wajukuu. Mama alisimama nyuma yao akasikiliza yote. Alimsikia mwanamke asiyemtaka mtoto. Alisikia maji, alisikia mwili. Nilitazama uso wake nikitafuta mahali pa kujificha. Kiongozi alipofika mwisho aliinua kidole.

"Na mkisikia hodi, guys, mnafanya nini?"

"Tunanyamaza!" wakaitikia wote.

Mama akawapita. Walimpisha, ni mzee, ana fimbo. Alipita ubao bila kuusoma, akapanda kile kiinuko kidogo, akaenda moja kwa moja mpaka mahali ambapo mimi nisingepatambua tena, akasimama. Mbele ya miguu yake ilipita kamba ya fundi, imevutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na ndani ya kamba kulikuwa na nyasi na lusiola ya baba, shina lake sasa nene kuliko mimi. Kamba ilikuwa imepita juu ya kizingiti.

"Hodi," akasema mama.

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mchezo wa bustani. Kisha wakamtazama vizuri, na kicheko kikaisha. Kiongozi alivua kofia. Mtoto mmoja alitaka kusema neno, mamake akamziba mdomo kwa kiganja. Watu ishirini na kitu, mchana kweupe, jua limewaka, na hakuna aliyethubutu kumjibu mwanamke mzee anayebisha, kwa sababu mimi niliwaambia wasimjibu.

"Hodi."

Akangoja. Alingoja kuliko nilivyowahi kumwona akingoja. Bata walikuwa wanapiga kelele bwawani. Nikajua anachofanya, anangoja muda wa kawaida upite, na nikaona mabega yake yakipanda, anavuta pumzi, na sijawahi maishani kumsikia akibisha ya tatu.

"Karibu," nikasema.

Nilisema kwa nguvu, ili wote wasikie. Nilikuwa nimesimama nyuma yake kama mgeni yeyote, lakini nikavuka kamba ile mbio, nikasimama ndani, nikageuka nikamtazama usoni, nikarudia, "Karibu, mama. Karibu ndani."

Alinitazama muda mrefu. Tangu foleni ya mjini hakuwa ameniangalia.

"Asante," akasema. "Sasa ng'oa hii kamba yao, iko kwa mlango yangu."

Nikainama nikashika kigingi cha kwanza kwa mikono miwili.